Betri ya lipo kwa gari la rimoti: anzia kwenye gari, namba zije baadaye

Juzi kijana mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, alinijia kibandani na boksi mkononi. "Shikamoo fundi." Marahaba. Akafungua: betri ya lipo (lithiamu-polima) ya 3S, imeandikwa 6000 mAh, 120C, kwa maandishi ya dhahabu; namba hizi nitazieleza moja moja huko mbele. Gari lake ni troki ndogo ya kupanda mawe. Betri iliingia kwa urefu, lakini kwa kimo ilizidi nusu kidole na kifuniko kikagoma kufunga. Plagi ilikuwa ya aina nyingine. Na ESC ya troki ile, yaani kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota, mwisho wake ni 2S. Kijana alinunua namba, gari lenyewe hakuliuliza.

Mimi riziki yangu ni kutengeneza simu. Magari ya rimoti ni ugonjwa wa Jumapili tu, tunapoyapandisha kwenye mawe ya Bwiru na vijana wa mtaani. Ninaandika haya kwa sababu swali la betri naulizwa kila wiki, na karibu kila anayeuliza huwa ameshanunua.

Hatua ya kwanza: rula

Fungua gari, toa betri ya zamani, pima kitanda cha betri: urefu, upana, kimo, kwa milimita. Andika kwenye simu. Betri ngumu ya 2S iliyozoeleka kwenye magari ya skeli ya 1:10, yaani madogo mara kumi kuliko gari halisi, ina urefu wa milimita 138 hivi, upana 46 na kimo 25. Gari dogo kama WLtoys 144001, ambalo hutoka kiwandani na betri ya volti 7.4 yenye 1500 mAh, haliwezi kuimeza hiyo hata ukilibembeleza.

Acha nafasi ya milimita mbili au tatu. Angalia pia nyaya zinatokea upande gani, maana betri inaweza kutosha vizuri kabisa halafu waya wake ukabanwa na shafti inayozunguka. Waya ukichubuka hapo unapiga shoti, na shoti ya lipo si kama ya betri za tochi.

Ukiwa hapo hapo, amua kuhusu ganda. Seli ya lipo ni mfuko laini wa karatasi ya alumini, haina kopo la chuma kama betri ya tochi. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana ikitobolewa inawaka. Kama kitanda cha betri kiko wazi kwa chini au pembeni, na unaendeshea kwenye mawe yetu haya, chukua yenye ganda gumu la plastiki. Mawe ya Mwanza yana ncha; tairi huyapenda, mfuko wa alumini hauyawezi. Kama kitanda kimefunikwa pande zote, laini inatosha na inakupunguzia uzito.

Hatua ya pili: soma ESC kabla ya kusoma betri

Kwenye ESC, au kwenye kitabu chake, tafuta maandishi kama "2S" au "2-3S". Hiyo S ni idadi ya seli zilizopangwa mstari mmoja. Kila seli ya lipo huhesabiwa volti 3.7, ikijaa inafika 4.2. Kwa hiyo 2S ni volti 7.4, ikijaa 8.4. 3S ni 11.1, ikijaa 12.6. ESC ya 2S ukiipa 3S inaweza kutoa moshi siku hiyo hiyo, au ikakuvumilia wiki moja halafu ikakuacha katikati ya mlima.

La pili ni kubwa zaidi na wengi hawaliangalii: je, ESC inajua lipo? Betri za zamani za NiMH unaweza kuzikamua mpaka gari lisimame. Lipo ukiikamua hivyo unaiua. Seli ikishuka chini ya volti 3 inaanza kuharibika ndani, na ukiichaji tena baada ya hapo ndipo inapokuwa ya hatari. ESC ya kisasa ina ulinzi wa kukata umeme mapema, lakini lazima uwe umewashwa. Hobbywing 1060, ambayo imejaa kwenye troki nyingi, ina vipini vidogo vya plastiki unavyochomoa na kuhamisha kuchagua lipo au NiMH. Kwenye Traxxas XL-5 unatazama taa: kijani maana yake ulinzi umewashwa, nyekundu umezimwa.

Kama gari lako halina ulinzi huo, nunua king'ora kidogo kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya betri, ile ndogo yenye nyaya nyembamba za kila seli. Ni kidude cha bei ndogo kuliko sahani ya sato na ugali. Kiweke volti 3.5 kwa seli. Mimi nilianza bila hicho, kwa ubishi tu. Betri yangu ya kwanza nililala nayo imechomekwa kwenye gari, swichi sijazima. Asubuhi imevimba kama andazi.

Hatua ya tatu: 2S au 3S

Kama ESC inaruhusu 2S peke yake, hatua hii ruka. Kama inaruhusu zote mbili, hesabu ni hii: mota isiyo na brashi huandikwa namba ya KV, ambayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haijabeba mzigo. Mota ya 3000KV kwenye 2S ni mizunguko 22,200. Kwenye 3S ni 33,300. Umeongeza nusu nzima ya mwendo bila kugusa kitu kingine, na joto nalo linapanda. Ukihamia 3S, punguza gia ndogo ya mota meno mawili au matatu, na baada ya dakika tano za kwanza gusa mota. Kidole kisipovumilia kubaki hapo sekunde tatu, simama.

Mpaka leo sijaona sababu ya anayeanza kununua 3S. Kwenye lami utalipasua gari ukutani kabla hujajifunza kona. Mpanda mawe mwenye mota ya brashi iliyozungushiwa waya mara nyingi ndani, ile ya 35T au 55T (T ni idadi ya mizingo ya waya huo), yeye ana haki ya kuitaka, kwa sababu mota zile ni za taratibu na 3S inazipa pumzi bila kuzifanya kichaa.

Hatua ya nne: mAh, na mzani wa sonara

mAh ni ukubwa wa tangi. 5000 mAh ni ampea 5 kwa saa moja. Gari la mbio likinywa wastani wa ampea 15, tangi hilo linaisha kwa dakika 20, na kwa kuwa unatakiwa kuacha kama asilimia 20 ndani, hesabu dakika 16. Mpanda mawe anayetambaa hunywa kidogo sana. Akiwa na wastani wa ampea 4, betri ya 2200 mAh inampa dakika 26 hivi, na mawe ya Bwiru yatakuwa yameshamchosha mwenye rimoti kabla ya hapo.

Hapa ndipo vijana wetu wanapokosea zaidi. Wanadhani betri kubwa ni baraka kila mahali. Troki ya kupanda mawe inataka uzito uwe chini na uwe mbele. Weka betri ya 2S ya 5000 mAh, karibu gramu 250 hadi 300, juu ya mgongo wa troki, halafu ielekeze kwenye jiwe lililosimama: itainuka mbele kama bodaboda yenye mikungu minne ya ndizi nyuma. Betri ndogo ya 1500 au 2200 mAh ukiilaza juu ya ekseli ya mbele inapanda jiwe lile lile bila jasho. Nimewahi kushinda watu wenye magari ya bei mara tatu ya langu kwa sababu hiyo moja tu. Ukitaka muda mrefu, beba betri ndogo mbili mfukoni.

Kwa anayeendesha mchangani, Luchelele au ufukwe wowote wa ziwa, mambo yanageuka. Mchanga unameza nguvu, mota inavuta mfululizo, na hapo 4000 au 5000 mAh ndiyo saizi yake, alimradi inaenea kitandani.

Sasa kuhusu uongo. mAh iliyoandikwa unaweza kuithibitisha kwa mzani kabla ya kutoa hela. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 7.4 mara 5 ni 37. Lipo za magari hubeba kama wati-saa 130 hadi 180 kwa kilo moja. Kwa hiyo 2S ya 5000 mAh haiwezi kuwa chini ya gramu 200. Ikiwa 150, kuna mtu anakudanganya. Mzani wa muuza dagaa hautoshi kwa kazi hii, nenda kwa sonara. Ile betri ya maandishi ya dhahabu tuliipeleka: gramu 190. 3S ya 6000 mAh ni wati-saa 66.6, ilitakiwa ikaribie gramu 400. Sonara alicheka, akasema hata kwenye pete za bandia watu huwa wanajitahidi kidogo. Baadaye niliichaji nikasoma kwenye chaja imeingiza kiasi gani: zilikuwa kama 2300.

Hatua ya tano: C

C inasema betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani. Zidisha C kwa ampea-saa. 5000 mAh yenye 20C ni 5 mara 20, ampea 100. Hizo zinatosha magari mengi ya 1:10. Yenye 50C ni ampea 250. Sasa chukua zile zinazojiita 100C: ampea 500, kupitia plagi ya XT60 ambayo ilitengenezwa kwa ampea 60. Hata kwa hesabu ya darasa la saba jibu unalo.

Hakuna anayewapimia wenye viwanda C zao, kila mmoja anajiandikia. Kwa hiyo mimi C iliyoandikwa naigawa kwa mbili, halafu naangalia vitu viwili. Kwanza unene wa nyaya. Waya huandikwa AWG, na namba inakwenda kinyume: 12 ni nene kuliko 16. Betri ya 5000 mAh inayojigamba C nyingi huku ina waya mwembamba kama wa earphone, iache hapo hapo. Pili ni ukinzani wa ndani, ambao chaja nyingi nzuri hupima kwa milioomu. Betri kubwa ya 5000 mAh ikiwa mpya na nzima, kila seli huwa na milioomu chache, tano au chini. Ikisoma ishirini, imechoka au haikuwahi kuwa na nguvu. Betri ndogo husoma juu zaidi na si kosa lake, kwa hiyo linganisha ndogo na ndogo. Cha kuangalia kuliko vyote ni seli kulingana zenyewe kwa zenyewe: seli moja ikisoma nne na mwenzake kumi, betri hiyo itakusumbua.

Hatua ya sita: plagi

Chagua aina moja, magari yako yote yavae hiyo. XT60 ni rahisi kuchomelea na haikubali kuingia kinyume. Nyingine utakazokutana nazo ni T ambayo wenyewe huiita Deans, EC3, EC5, na ya Traxxas.

Ukibadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja, uchomelee, uufunike, ndipo uguse wa pili. Mimi fundi mzima niliwahi kukata zote mbili kwa koleo mara moja, nina haraka, mteja anasubiri simu yake. Betri ilikuwa na chaji. Mlio kama wa fataki, na lile koleo mpaka leo lina pengo mdomoni.

Hatua ya saba: unapoipokea

Nyingi hatuzipati Mwanza, zinatoka Kariakoo au nje. Ukiagizia kwenye basi, mwombe muuzaji afunike ncha za plagi kwa tepu na aiweke kwenye kopo gumu, maana chini ya basi kuna magunia. Anayekuletea kwa ndege aiweke kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini. Kanuni ya mashirika ya ndege ni betri zisizozidi wati-saa 100 kila moja, na 2S ya 5000 mAh yenye wati-saa 37 inapita bila shida.

Ikifika, usiichaji kwanza. Iangalie: mfuko uwe bapa. Muuzaji akikwambia "kuvimba kidogo ni kawaida," kwa betri mpya si kweli. Inuse, harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha ni dalili kwamba kimiminika cha ndani kinavuja. Halafu weka mita kwenye plagi nyeupe ndogo. 2S ina nyaya tatu pale, 3S nne. Pima kila seli peke yake. Betri mpya husafirishwa ikiwa na volti 3.8 hivi kwa seli, na seli hazitakiwi kuachana zaidi ya 0.03. Seli ikisoma chini ya 3, rudisha.

Hatua ya nane: chaja, na umeme wetu

Chaja ya lipo lazima iwe ya kusawazisha, yaani inayotumia ile plagi nyeupe na kujaza kila seli kivyake mpaka 4.2. Adapta za simu na zile chaja za NiMH zilizokuja na gari la zamani usizisogeze karibu. Unapoweka mipangilio, chagua LiPo. Kuna chaguo la LiHV linalojaza mpaka 4.35, hilo ni la betri za aina yake tu, na kwa betri ya kawaida ni njia fupi ya kuchoma meza.

Kasi ni rahisi: gawanya mAh kwa 1000, hiyo ndiyo ampea. 5000 mAh chaji kwa ampea 5, 2200 kwa ampea 2.2. Huchukua kama saa moja. Usiondoke. Mimi nachajia ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga mkavu chini, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia. Mke wangu alilalamikia chungu chake, nikamnunulia kingine.

Umeme ukikatika katikati ya chaji, betri haidhuriki, unaanza tena tu. Chaja nyingi pia zina waya wa kuingizia volti 11 hadi 18, kwa hiyo unaweza kuchajia kwenye betri ya sola au ya gari. Betri ya bodaboda niliijaribu. Ya volti 12 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 60 tu, na kujaza 2S moja ya 5000 mAh inaondoka zaidi ya nusu. Asubuhi nilipiga kiki kwa mguu mpaka majirani wa Igoma wakaamka.

Ukishatoka kuendesha, iache ipoe kabisa kabla ya kuchaji. Isipite nyuzi 60 ikiwa kazini, na usiichaji ikiwa juu ya 45. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani pale uwanja wa Kirumba. Ndani ya gari hilo joto hupita 50 bila taabu.

Hatua ya tisa: kuitunza na kuizika

Kama huendeshi leo wala kesho, usiiache imejaa. Chaja ina mpangilio wa kuhifadhi, unairudisha volti 3.8 kwa seli. Betri iliyokaa imejaa mwezi mzima kabatini inaweza kuvimba yenyewe, hata kama haijawahi kuguswa.

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo gari likitumbukia si mwisho wa dunia. Toa betri, ikaushe, plagi ipulize, subiri. Lipo yenyewe imefungwa. Kinachooza ni plagi na ESC isiyozuia maji.

Ikivimba, safari yake imeisha. Usiitoboe "kuipunguza hewa". Itoe nje, iunganishe na taa ya volti 12 ya bodaboda, iache ndani ya mchanga mpaka taa izime kabisa na mita isome sifuri. Kata nyaya mmoja mmoja, funika ncha kwa tepu. Usiitupe jalalani ambako taka huchomwa, wala ziwani, na usimpe muuza vyuma chakavu ikiwa bado hai, kwa sababu chombo chake cha kwanza cha uchunguzi ni nyundo. Ikianza kutoa moshi, mwagia mchanga na ukae upande upepo unakotokea, maana moshi wake ni sumu.

Yule kijana duka halikumrudishia hela. Troki yake tuliivalisha 2S ya 2200 mAh, urefu ule ule, kimo kidogo, XT60, imelazwa mbele, na sasa inanishinda mimi kwenye jiwe moja ambalo sitalitaja. Ile ya dhahabu aliniachia. Nimeifunga king'ora cha volti 3.5, na umeme ukikatika inawasha utepe wa taa za LED pale kibandani kwa jioni nzima.